Kilo Nane za Mwisho

2 Septemba
Kilo 84.
Daktari wa Kampala aliniagiza niandike mambo matatu kila asubuhi: uzito, nilichokula, maji niliyokunywa. Nimemtii miezi minane. Lakini mimi, Epiphanie, mwalimu wa miaka ishirini na sita, mwandishi wa barua wazi zinazobandikwa kwenye mlango wa soko la Kingi na kuchanwa kabla ya saa sita, sijui kuandika mambo matatu nikaishia hapo. Leo nimefungua daftari jipya. Shule imefunguliwa, mvua imeanza, na uzito umekataa kwenda.

Januari nilikuwa na kilo 131. Magoti yalikuwa yamegoma, sukari imepanda, na kutoka nyumbani hadi kanisani nilipumzika mara nne nikijifanya ninasalimia watu. Dada yangu Hélène, anayeishi Ubelgiji, alipanga kila kitu. Kampala, hospitali ya binafsi. Daktari akalikata tumbo langu na kunibakizia kipande kama ndizi moja. Hapa nilisema ninakwenda kumsaidia mpwa wangu aliyejifungua. Sina mpwa Kampala.

Nilidanganya kwa sababu mwaka jana niliandika barua iliyosomwa mpaka Kirotshe. Niliwashambulia wakubwa wanaopanda ndege kwenda kutibiwa wakati kituo chetu cha afya hakina hata dawa ya homa. “Anayekwenda kutibiwa ng'ambo,” niliandika, “ameshakubali kwamba sisi tufie hapa.” Wanafunzi waliikariri. Sasa niwaambie nini?

Mtu mmoja tu anajua. Nyirabagenzi, jirani yangu, mjane aliyepita miaka sabini. Niliporudi ndiye aliyeniogesha, akaona makovu matano madogo tumboni, nikamweleza. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza ninaweza kula nini. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiletea uji wa mtama usio na sukari katika kikombe chenye kifuniko, na jioni mchuzi wa maharage uliochujwa. Bila yeye ningekufa Februari. Ameahidi kunyamaza.

Daktari anataka 76. Nimejiapia: siku mizani itakaposema 76, nitaandika barua ndefu kuliko zote na kueleza kila kitu. Zimebaki nane.

3 Septemba
84. Uji, yai, maji lita moja na nusu.

5 Septemba
84. Mvua tangu saa nane. Barabara ya Masisi imekuwa mto wa udongo mwekundu.

9 Septemba
83 na nusu. Mizani yangu ni ya kioo, niliileta ndani ya sanduku chini ya vitabu. Kwa kuwa sakafu yetu ni ya udongo, nimeiwekea jiwe bapa nyuma ya mlango. Ukisimama upande wa kushoto inapunguza nusu kilo. Leo nilisimama kushoto.

Katika chumba cha walimu waliacha kuongea nilipoingia. Mmoja alinipa ndizi mbili bila neno, kama unavyompa mgonjwa. Hapa mtu akinenepa anaambiwa amebarikiwa. Akikonda watu wanauliza ni ugonjwa gani, au ni nani.

14 Septemba
84 tena. Hélène ananiandikia kwamba kilo za mwisho ndizo ngumu, kila mtu anajua, mwili unashikilia akiba yake. Namjibu kwamba mwili wangu umesoma kwa watawala wetu: ukiupokonya kidogo, unafunga ghala lote.

Leo nilipita kando ya kambi ya wahamishwa. Wanawake walikuwa wakinyoosha turubai zao kwenye tope. Mikono yao ni myembamba kuliko yangu itakavyokuwa hata nikifika 76. Mmoja, mama wa mwanafunzi wangu, alinishika mkono akanipa pole. Alinisikitikia mimi. Nilikaribia kumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba wewe unatafuta chakula usikipate, na mimi nilivuka mpaka kutafuta mtu wa kunipunguzia mahali pa kukiweka?

21 Septemba
84.
Nyirabagenzi alikaa nami kibarazani. Ana desturi ya wazee wetu: anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Kila asubuhi anaonja uji wangu, na kila asubuhi namwambia aache, hayo ni mambo ya watu wasioaminiana. Leo aliniuliza ni lini nitawaambia watu. Nikamwambia nikifika 76. Akacheka mpaka akashika mbavu.

“Unasemaka juu ya makosa ya bantu yote, hata ya gavana,” alisema. “Ya kwako ndiyo inangoja mizani.”

Nilicheka pia. Mtu mwingine akinigeuzia maneno yangu huwa nakasirika; yeye haniudhi.

30 Septemba
84. Sijui kwa nini ninaendelea kuandika.

6 Oktoba
Naandika nikiwa nimelala. Igiraneza, binti yangu, amekaa mlangoni.

Jana ilikuwa mahari ya mtoto wa Habumugisha. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa na fikra fupi, nimeshaandika hivyo katika madaftari mengine. Ng'ombe walikuwa wameshasemwa, wasemaji wa pande mbili wameshapigana kwa methali, watu wakaanza kunywa. Nyirabagenzi alikuwa akigawa mutobe, maji ya ndizi yasiyochacha, matamu kama asali. Daktari alinikataza sukari ya maji kwa herufi kubwa. Lakini nilikuwa na wiki nne za 84, wiki nne za kuangaliwa kwa huruma, na koo langu lilitaka kitu kimoja tu kilicho kitamu. Nyirabagenzi alinitazama, akasita, akakiinua kikombe ili aonje. Nilimnyang'anya. Nilisema kwa sauti, ili wasemaji wote wasikie, kwamba mimi na huyu mama hatuna haja ya michezo ya sumu.

Nilikunywa chote.

Baada ya muda mfupi jasho likanitoka kama mvua, moyo ukakimbia, dunia ikawa nyeupe. Nilijua ni nini. Daktari alinieleza: sukari inaanguka moja kwa moja kwenye utumbo, mwili unashtuka, ukilala kidogo inapita. Mimi nilijua. Watu mia mbili hawakujua. Waliona mwanamke aliyekonda miezi minane anapewa kikombe na mtu ambaye hakuonja, na anaanguka.

7 Oktoba
83. Nyirabagenzi alileta uji asubuhi. Igiraneza aliupokea mlangoni, akashukuru, akazunguka nyuma ya nyumba akaumwaga. Nilimwona kwa dirisha.

10 Oktoba
Habumugisha alikuja na wazee wawili. Alizungumza taratibu, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema familia imeona. Kwamba iko sumu ya polepole, karuho, inayomla mtu mwaka mzima, na anayeitoa ndiye anayekulisha kila siku. Aliuliza ni nani ananilisha, ingawa alijua.

Nilikuwa na jibu la maneno kumi. Badala yake nilimpa hotuba ya nusu saa. Nilimwambia juu ya ujinga, juu ya wajane waliochomewa nyumba kwa uvumi, juu ya kanisa linalosali Jumapili na kuwinda wachawi Jumatatu. Nilikuwa na haki katika kila neno. Wazee walitazama chini. Habumugisha alingoja nimalize.

“Shemeji,” alisema, “sikukuuliza juu ya wajane. Nilikuuliza unagonjwa nini.”

Nikasema siumwi chochote.

15 Oktoba
83. Nimebandika barua wazi. Kurasa nne: “Sumu Iliyo Vinywani.” Ni nzuri. Nimeisoma mara tatu na hakuna sentensi ya kuondoa. Haisemi tumbo langu, haisemi Kampala.

16 Oktoba
Haikuchanwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote, barua yangu haikuchanwa. Watu wanaisoma na kutikisa kichwa. Wanasema Nyirabagenzi ameshanishika mpaka akili.

19 Oktoba
Chemchemini wanawake walisogeza bidoni, dumu la maji la Nyirabagenzi, kutoka kwenye mstari na kuiweka juu ya nyasi, mbali, bila kumtukana. Alingoja mpaka wote walipoondoka. Anachota saa sita sasa, juani au mvuani. Watoto walizoea kuingia kwake kuomba viazi vya kuchoma; mama zao wamewakataza.

20 Oktoba
Nilikwenda kwake. Nilimwambia kwamba nitasema. Lakini nilisema kwa namna ya mtu anayetaka kuzuiwa, na yeye ananijua. Alikuwa anachambua mtama.

“Mi nilikupatia neno langu,” alisema. “Siwezi kulikula sababu ya bidoni ya maji. Kama unasema, sema sababu ya weye mwenyewe. Usiseme sababu ya kunihurumia.”

Nilimwambia zimebaki saba. Alisema ni vizuri, saba ni kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata ruhusa ambayo hakunipa.

27 Oktoba
81.
Chakula hakipiti. Ukoo umemzuia Nyirabagenzi kunilisha; sasa najipikia mwenyewe, na najua kupika kama ninavyojua kuruka. Nilisimama juu ya mizani, nikaona 81 baada ya wiki nane za ukuta ule ule, na nilifurahi. Niandike hilo pia. Jirani yangu anachota maji peke yake, na mimi nyuma ya mlango nilipiga makofi bila sauti.

31 Oktoba
80 na nusu. Mvua ya mawe. Maharage ya bondeni yamelala.

3 Novemba
79.
Wameezua mabati ya Nyirabagenzi. Walikuja mchana, vijana saba wa ukoo, wakapanga bati moja juu ya lingine kwa utulivu kama mafundi. Nilikwenda mbio. Ndiyo, nilikimbia, mimi niliyekuwa nikipumzika mara nne kufika kanisani. Niliwatukana kwa Kiswahili, Kihunde na Kifaransa. Waliniamkia kwa heshima, wakaendelea. Nyirabagenzi alikuwa amekaa nje na vyungu vyake, akiwaambia wasikanyage upande wa kushoto, mti wa pale umeoza, wataanguka.

Mmoja wao aliniambia bila ubaya kwamba wanafanya hivi kwa ajili yangu.

Jioni nilimkuta Igiraneza akikunja sketi zangu za zamani, zile pana. Nilimuuliza anazipeleka wapi. Akalia. Ana miaka kumi na tisa na sijamwona akilia tangu baba yake. Alisema amekuwa akihesabu. Kila nilipokaza mkanda, yeye alihesabu. Alishaamua ni kitenge kipi atanivalisha. Miezi tisa mwanangu alikuwa akinizika kidogo kidogo, na mimi niliona tu kwamba kiuno kinatokea.

Nilimwambia yote. Nilimwonyesha mizani.

“Na Koko Nyirabagenzi alijua?” aliuliza.

“Alijua.”

“Na uji ile yote nilimwaga.”

Amempelekea Nyirabagenzi turubai, akalala huko.

6 Novemba
78. Nyirabagenzi ana kikohozi. Amekataa kuja kulala kwangu. Anasema watu watasema amekuja kumaliza kazi.

9 Novemba
77. Kesho ni Jumapili. Nimefikiria: kilo moja tu, labda siku nne. Nimefikiria hivyo kweli, kwa mkono huu huu unaoandika. Kisha nikaichukua mizani, nikaipeleka nje na kuivunja kwa jembe.

10 Novemba
Wakati wa matangazo nilisimama. Kanisa lilinyamaza, maana nikisimama kuna mtu atakayeumia. Nilisema kwamba nimedanganya. Nilisema Kampala, nikasema daktari, nikasema tumbo langu limekatwa na kushonwa kwa hiari yangu, ili nikonde, na kwamba kinywaji cha siku ile kiliniangusha kwa sababu ya sukari. Nilisema barua ya mwaka jana ilinihusu mimi mwenyewe. Nilisema Nyirabagenzi aliniweka hai, na kwamba alijua neno la kujiokoa akakataa kulisema kwa sababu aliniahidi.

Sijawahi kusema vizuri kuliko siku hii. Sikuwa na mapambo hata moja. Hakuna aliyeniamini.

Si kwamba walinizomea. Ningejua la kufanya na wazomeaji. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. Nilitoa karatasi ya hospitali. Imeandikwa Kiingereza, na kijana aliyejaribu kuisoma alisema hii inathibitisha kwamba mama alilazwa Kampala, kwa hiyo sumu ilianza zamani. Nikaingia na wanawake watatu chumba cha sakristia, nikawaonyesha makovu matano. Walitoka wakisema ni chale za mganga, Madame alijificha kwenda kutafuta dawa, maskini.

Nje, Habumugisha alinishika mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

“Shemeji, nilisikia vizuri. Lakini angalia hii nchi. Bantu banakufa na njaa pale kambini. Na weye, mwenye akili kupita siye wote, utalipa bakukate tumbo ili usikule? Hapana. Hiyo siyo weye. Hiyo iko ile kitu inasema ndani yako.”

Nimemwita mtu wa fikra fupi kwa miaka ishirini. Leo alifikiri vizuri. Kwa kila alichokijua duniani, alifikiri sawasawa. Baadaye Igiraneza aliniambia kwamba Septemba Habumugisha aliuza mbuzi wake wawili na kuficha fedha kwa ajili ya jeneza langu, ili nisizikwe kwenye mkeka.

12 Novemba
Wazee wamekutana. Wamepata njia, na Habumugisha ndiye aliyeiomba, akiamini ananisaidia. Jumamosi, uwanjani mbele ya kanisa, Nyirabagenzi atapika mbele ya macho ya wote. Ataonja. Kisha mimi nitakula sahani yake, sahani ya mtu mzima, mpaka iishe. Nikila na kukaa mzima mpaka jua lipinduke, maneno yameisha, mabati yatarudishwa, na atakayerudia atalipa mbuzi.

Ndivyo walivyofanya zamani watu wakishukiana. Ni njia ya haki kuliko nyingi nilizoziona mahakamani.

Nilipaswa kuwaambia kwamba tumbo langu haliwezi sahani. Lakini hilo nimeshalisema Jumapili. Kulirudia ni kuonekana ninakwepa, na mimi sijawahi kukwepa. Nilisema nakubali.

13 Novemba
Najizoeza. Vijiko sita vya bugali, kimya, taratibu. Saba. Maumivu chini ya kifua, lakini saba vilikaa.

15 Novemba
Tisa. Cha tisa kilirudi.

16 Novemba
Mvua ilisimama asubuhi kama iliyoitwa. Kingi yote ilikuwepo, na watu wa kambini nao walikuja, wakasimama pembeni kwa sababu kulikuwa na chakula.

Nyirabagenzi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alikohoa kabla ya kuanza, akageuka upande, akanawa mikono mara mbili. Kisha akapika, na nilielewa kwamba alikuwa na furaha. Mwezi mzima hakuwa amempikia mtu. Alitwanga mwenyewe majani ya muhogo ya sombe, alikemea moto, alimwambia Habumugisha asogee kivuli chake kinamzuia kuona chungu. Watu wakacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye tangu Oktoba, na nikafikiri: tunaweza.

Akaonja kila kitu, si kwa ncha ya ulimi, alikula matonge matatu mazima. Akaniletea sahani. Bugali ya muhogo ukubwa wa kichwa cha mtoto, sombe, maharage.

Daktari anasema nitafune kila tonge mara thelathini. Nilitafuna. La kwanza, la pili, la tatu. Lilikuwa tamu. Sikuwa nimekula chakula chake tangu alipozuiwa, na macho yalinijaa machozi. La nne, watu wakaanza kuongea mambo ya mashamba yao. La tano, Habumugisha alitabasamu. La sita likasimama chini ya kifua kama mtu mlangoni. Nikangoja. Watu wakaacha kuongea. La saba. La nane nililisukuma kwa mate. Sahani ilikuwa kama haijaguswa.

Nyirabagenzi alikuja akachuchumaa mbele yangu, mgongo kwa watu.

“Acha, mutoto yangu. Utapasuka.”

“Sitaacha.”

“Mi nasema acha. Acha baende na maneno yao.”

La tisa. La kumi nilimeza nikiwa nimeshika benchi. Niliwaona wote: Igiraneza mkono mdomoni, wazee, wale mama wa kambini wakiitazama sahani, si mimi. La kumi na moja nilitia mdomoni na mwili wangu, mwili huu nilioulipia, ukakataa. Nilitapika mbele ya kanisa zima, juu ya kitenge cha Pasaka, na haikuisha mpaka kikatoka kitu chekundu kidogo, cha koo lililochanika.

Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Habumugisha alivua kofia, kama mazikoni. Uwanja ulikwisha watu bila haraka, kama misa imekwisha.

Nyirabagenzi alinifuta mdomo kwa upande wa kitenge uliobaki safi.

“Basi,” alisema. “Tulijaribu.”

17 Novemba
Nyirabagenzi ameondoka. Igiraneza alimsindikiza mpaka daraja la pili. Amekwenda Walikale, kwa mwanawe Luc anayechimba dhahabu Omate. Kwa miguu, na kikohozi kile. Hakuacha ujumbe kwangu.

18 Novemba
Mvua.

19 Novemba
Mvua.

24 Novemba
Nilipimwa kituo cha afya kwa sababu ya koo. Muuguzi aliandika 75. Nilimwandikia Hélène kwa sababu aliuliza. Alinitumia picha ya mwanamke anayecheza.

1 Desemba
Nimeomba ruhusa shuleni. Mkuu wa shule aliitoa upesi, kama anavyotoa mtu ambaye hatarajii kuniona tena.

8 Desemba, Omate
Siku mbili kwa pikipiki, vizuizi vinne, na kutoka hapo kwa miguu msituni kutwa nzima, tope mpaka magotini. Magoti hayakulalamika. Mwanamke wa kilo 131 asingefika hata mto wa kwanza. Nilitembea vizuri, na kila hatua nzuri iliniuma.

Umbea ulifika Omate kabla ya Nyirabagenzi. Pikipiki moja inabeba mafuta, chumvi na maneno. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda cha Luc, cha miti na turubai, akifua suruali za uchimbaji. Amekonda. Yeye sasa ndiye aliyekonda. Aliponiona aliinuka kwa kushika magoti yake, akanishika mikono yote miwili, akanigeuza kama unavyogeuza mtoto aliyerudi kutoka shuleni.

“Zile nane ziliisha?”

“Ziliisha, Mama. Na moja juu.”

“Ni vizuri,” alisema, na alimaanisha.

Luc alitoka shimoni jioni mapema. Nilimweleza kila kitu mbele ya mama yake, mkewe akiwa mtoni. Nilimpa karatasi. Aliishika kwa vidole vichafu vya udongo wa dhahabu, akaitazama kwa muda, akairudisha.

“Mi nakuamini, Madame,” alisema. “Lakini muke yangu anaogopa juu ya mutoto.” Akajifuta vidole kwenye suruali. “Na mi pia, siku alifika alinipikia. Nilisema nimeshiba.”

Nyirabagenzi aliendelea kukamua suruali. Alikuwa ameshasikia hilo, au ameshalijua.

Nilimwomba arudi Kingi. Nilimwambia nitanunua mabati mimi mwenyewe, nitaandika tena, nitasimama kila Jumapili mpaka wanichoke. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote.

“Nirudi kupikia nani?” aliuliza.

Mtoto wa Luc ni wa kike, wa miaka minne hivi. Alitoka kibandani na kikombe cha plastiki, akasimama mbele ya bibi yake, akaomba maji. Bidoni ilikuwa imeegemea goti la Nyirabagenzi. Alihitaji tu kuinamisha mkono.

“Kamuombe mama yako,” alimwambia kwa upole.

Mama alikuwa mtoni bado. Mtoto alitazama bidoni, akamtazama bibi, akabaki pale na kikombe chake. Nyirabagenzi aliweka mikono yake chini ya mapaja akaikalia. Luc aligeuza uso.

Nikainuka nikamchotea mimi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa chote bila kuniuliza jina, kutoka mkononi mwangu, bila hofu yoyote.